Hati za mtaa na lori la unga

Mwezi wa tano hapa Malindi huhitaji kalenda kuujua. Waitaliano wamesharudi kwao, hoteli zimewapa vijana likizo isiyo na mshahara, bahari imechafuka kwa kusi. Mtaani kwetu Barani kinachonenepa ni daftari la mkopo dukani. Juzi mama wa mahamri alikuwa na sinia limebaki nusu saa nne asubuhi, na ng'ambo ya njia fundi cherehani amekaa, mikono mapajani. Fundi ana njaa, mama ana dera la kushonwa. Kilichokosekana baina yao ni shilingi hamsini tu.

Wanaotetea sarafu za mtaa, yaani hati ambazo majirani hulipana badala ya shilingi, huanzia hapo, na mfano wao hauko mbali. Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh kule Mikindani, Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kulipana kwa hati za Bangla-Pesa. Mwanachama alidhaminiwa na wenzake, akapewa hati, zikazunguka kwa maji, chapati na kinyozi, shilingi ikabaki ya karo na kodi ya nyumba. Riba haikuwemo, na Pwani hilo si jambo dogo. Baadaye mpango ukahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu, hata kwa mulika mwizi.

Wanaopinga hukumbusha kwamba mwaka huohuo mwanzilishi wake, Mmarekani Will Ruddick, alikamatwa pamoja na wenzake kwa tuhuma za kughushi, na kwamba Katiba, kifungu cha 231, imeipa Benki Kuu kazi ya kutoa sarafu. Mashtaka yalifutwa miezi michache baadaye. Hofu hiyo mimi hainikeshi. Ahadi ya jirani kwa jirani ni binamu wa lile daftari.

Kinachonikesha ni unga. Mwenye duka huuleta kwa shilingi, pamoja na sukari, mafuta na sabuni. Akipokea hati atanunua mahamri, atanyolewa, halafu? Nilimuuliza. "Ndugu yangu, dereva wa lori nimpe karatasi?" Hati hukwama kwa yule ambaye mali yake yatoka nje, na ndiye tunayemtegemea sote.

Basi wengine husema tuanze na miradi ya kijamii. Gede ipo: tangu 1993 wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo chini ya mradi wa Kipepeo, nao vipepeo huuzwa Ulaya kwa maonyesho wakiwa bado kwenye vifuko vyao, na msitu umepata watu wenye sababu ya kuulinda. Ni fedha halisi. Lakini ikiingia Ijumaa, Jumatatu imeshapanda lori kufuata unga uleule.

Kwa hiyo naona hati zianzie kwenye jasho, mahali ambapo Wamijikenda tayari wana mweria: leo twalima kwako, kesho kwangu. Kupalilia, kusuka makuti, kushona, kuangalia watoto. Hayo hayahitaji lori. Kikundi kikipata kinu chake, kinunue mahindi ya wakulima wa hapa na kusaga kwa nusu hati, nusu shilingi, maana dizeli haidanganyiki.

Hesabu hiyo nimempelekea mwenye duka. Nusu kaikataa. Robo, labda, na tuzungumze baada ya Idi.