Mita ya pikipiki ipimwe kwanza, ndipo ibadilishwe

Angalia dashi za boda boda zinazopita kwenye steji za Malindi, hutakosa zenye mshale uliolala kwenye sifuri huku chombo kiko mbio. Waya unaozungusha mita ya spidi ulikatika, fundi akauchomoa, mambo yakaishia hapo. Zile ambazo mshale wake bado unacheza nazo zina taabu yake: mwenyewe anahisi mita inamdanganya, anakwenda kwa fundi, na fundi bila kupima chochote anamwambia anunue mita mpya. Nalipinga hili kwa nguvu zote. Kosa la mita lina dalili zake, na dalili hizo huonyesha kama ugonjwa uko gurudumuni, kwenye waya au ndani ya mita yenyewe. Anayebadilisha kabla ya kupima anabahatisha kwa pesa ya mwenziwe.

Kwanza ijulikane kwamba mita nzima nayo huzidisha kidogo, na imetengenezwa hivyo makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi zinazounda vyombo, inakataza mita kuonyesha spidi iliyo chini ya ile ya kweli. Kuzidisha inaruhusu: wakati wa kuidhinisha chombo, hadi sehemu moja ya kumi ya spidi ya kweli na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo ukiwa unakwenda 50 kweli na mshale unasema 54, mita yako haina neno. Ukisema 46, hapo pana hatari. Kikomo cha mjini ni 50. Dereva anaona bado ana nafasi, kumbe ameshapita, na nyuma amepakia mama na mtoto.

Kupima kunataka simu yenye programu ya kuonyesha spidi kwa satelaiti, abiria mmoja wa kusoma, na barabara iliyonyooka. Kipande kinachopita kando ya msitu wa Arabuko Sokoke, ukishaipita Gede kuelekea Mombasa, kinafaa asubuhi mapema kabla matatu hazijachanganya. Simu iachwe mahali pa wazi dakika moja au mbili ishike satelaiti vizuri. Halafu ushikilie mshale palepale kwa sekunde kumi bila kuongeza wala kupunguza moto, abiria ndiye asome simu. Ukisoma huku unaongeza mwendo utapotoka, kwa sababu simu huchelewa kidogo nyuma ya chombo. Fanya hivyo kwenye 30, 50 na 70 za simu, kila moja mara mbili, kwenda na kurudi, na uandike mshale ulisema nini. Asiye na simu ya aina hiyo apime kilomita moja kamili kwa saa: kwa mwendo usiobadilika, 40 ni sekunde 90, 50 ni sekunde 72, 60 ni sekunde 60.

Sasa soma namba zako. Ukipata 33, 55 na 77, kosa linakua pamoja na spidi: ni asilimia kumi kila mahali. Ukipata 36, 56 na 76, kosa ni sita tu kutoka mwanzo hadi mwisho, nalo linaashiria mshale uliokaa vibaya kwenye pini yake, mara nyingi baada ya mtu kuifungua mita na kuurudisha kwa macho. Hilo la pili ndilo pekee linalotibika kwa kuung'oa mshale na kuukalisha upya. Nimesema pekee kwa sababu wapo wanaousogeza mshale kutibu kosa la asilimia. Wanapata 50 iliyo sawa, na 30 na 70 zote mbovu.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha namba za kilomita. Wengi hawajui kwamba ndani ya mita moja mna kazi mbili tofauti. Namba za kilomita huzungushwa na meno ya gia moja kwa moja kutoka kwenye waya. Hapo hapana makisio. Mshale haukuungwa na waya kabisa. Waya unazungusha sumaku, sumaku inazunguka karibu na kikombe chembamba cha aluminiamu bila kukigusa, kikombe kinavutwa kufuata mzunguko, na springi nyembamba kama unywele inakizuia. Mshale umefungwa kwenye kikombe. Sumaku ikichoka, mshale unapungukiwa. Springi ikilegea, mshale unazidi.

Kwa hiyo nenda kilomita kumi za simu, kisha usome namba za kilomita zimesogea ngapi. Zikisoma 10.1 lakini mshale kwenye 50 ya kweli unasema 60 na zaidi, gurudumu, gia ya mita (ile ndogo ya kwenye habu, katikati ya gurudumu, inayozungusha waya) na waya vyote ni vizima. Ugonjwa uko kwenye sumaku, springi au mshale. Zikisoma 11 na mshale nao umezidi, usiifungue mita. Shuka chini gurudumuni.

Pikipiki nyingi za boda boda zinazotumia waya huchukua mwendo kwenye gurudumu la mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo rula yako. Weka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye sakafu ya saruji, dereva akiwa amekaa juu ya chombo na tairi lina upepo wake wa kawaida. Sukuma mbele mpaka gurudumu lizunguke mara tano kamili, weka alama nyingine, upime kwa futi kamba. Ukipata mita 9.00, mzunguko mmoja ni mita 1.80. Kwa hesabu ya namba za tairi, 2.75-17 hutoa takriban mita 1.80, na 3.00-17 takriban 1.84, tofauti ya asilimia mbili tu. Lakini anayeweka rimu ya 18 na tairi la 3.00 anafika kama 1.91, na hapo mshale ukisema 50 unakwenda 53 na zaidi. Tairi kubwa hupunguza usomaji, na huo ndio upande mbaya. Tairi lililoisha hufanya kinyume: likipoteza milimita 4 za meno, mita inazidisha kama asilimia moja na nusu. Upepo mdogo unaongeza tone tu juu ya hapo. Ujaze kwanza, ndipo upime.

Makosa makubwa, yale ya asilimia thelathini au arobaini, hayaletwi na tairi. Hayo ni ya mita isiyolingana na ile gia ndogo ya gurudumuni. Kwenye uso wa mita nyingi za dukani kuna maandishi madogo, 1:1000 au 1:1400. Ni idadi ya mizunguko ya waya kwa kilomita moja. Wanunuzi hutazama umbo na taa, maandishi haya hawayaoni. Mita ya 1400 ukiifunga kwenye pikipiki yenye gia ya 1000, unakwenda 50 na mshale unasema 36. Tena kilomita 3,000 unazongojea ili umwage oili zitakuwa 4,200 kweli, na injini ndiyo itakayolipa.

Kujua gia yako hakuhitaji kifaa. Fungua waya upande wa mita, bandika kipande cha utepe kwenye ncha ya waya wa ndani, inua gurudumu la mbele, ulizungushe polepole mara kumi huku mwenzio akihesabu utepe. Kwa gurudumu la mita 1.80, mizunguko 18 ni gia ya 1000, mizunguko 25 ni ya 1400. Ndipo uende dukani, na usikubali kuondoka na mita isiyo na namba hiyo.

Mshale unaorukaruka si kosa la hesabu, ni waya. Hapa kwetu chumvi ya bahari na mchanga huuingia upesi, na wanaobeba watu na mizigo kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni wanalijua hilo kuliko sote. Chomoa waya wa ndani, uufute kwa mafuta ya taa, uukague wote kwa vidole: ukikuta nyuzi zilizochomoza au mahali palipojikunja, badilisha. Ukiwa mzima, upake grisi nyepesi theluthi mbili za chini tu. Sehemu ya juu iachwe kavu. Waya unapozunguka hupandisha grisi kama skrubu, ikaingia kwenye kikombe, na mita iliyokuwa nzima ikaanza kukwama. Uuelekeze bila kona kali pale unapopita karibu na usukani, kisha uukate usukani kushoto na kulia kuhakikisha hauvutwi.

Wakati wa kurudisha gurudumu baada ya puncha, hakikisha ndimi za gia ya mita zimeingia kwenye mianya ya habu kabla hujakaza nati ya ekseli. Fundi mwenye haraka hukaza tu, ndimi zinavunjika, na mteja anaambiwa mita imekufa.

Kwa mita za kielektroniki utaratibu ni ule ule wa kupima, ila uliza mwendo unachukuliwa wapi. Zinazosoma kwenye giaboksi huathirika na sproketi, yaani gurudumu la meno linalovuta mnyororo: ukitoa ya mbele yenye meno 15 ukaweka ya 14 ili chombo kivute mzigo, mita itazidisha asilimia saba. Zinazosoma gurudumu la mbele haziijui sproketi kabisa.

Na ikiwa pesa ya kutengeneza haijapatikana, kata utepe mwekundu mwembamba kama kiberiti, uubandike kwenye kioo pale mshale unaposimama simu ikisema 50. Uondoe siku utakapobadilisha tairi, upime tena.