Kwa Mawe ya Goma, Tazama Ubavu wa Tairi Kwanza

Vijana wengi hapa Goma wakishainua bodi ya Hilux au Land Cruiser, kitu cha kwanza wanachokimbilia ni rimu. Wanataka rimu pana, nyeusi, ya inchi 20, na tairi la ubavu mfupi juu yake. Mimi nasema wazi kwamba katika mji huu huko ni kuanzia mwisho. Chagua kwanza ubavu wa tairi, halafu utafute rimu ya kuubeba.

Lava ya volkano Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na ile ya Mei 2021 iliikata barabara ya Rutshuru ikaja kusimama Buhene, pembezoni mwa mji. Mawe yake tunaishi nayo: tumejengea nyumba na kuta, tumeyaponda na kuyamwaga njiani, na kwenye avenyu zisizo na lami yanachomoza yenyewe. Jiwe hili limejaa vitundu, na kila kitundu kikivunjika kinaacha ukingo mkali kama chupa. Kwenye kashata, yaani meno ya tairi yanayokanyaga njia, halina nguvu sana kwa sababu mpira pale ni mnene. Kazi yake iko ubavuni. Mwombe fundi wa matairi yeyote akuonyeshe tairi lililotupwa: kashata bado ndefu, lakini ubavuni kuna mpasuko wa urefu wa kidole na nyuzi zimetokeza. Tundu la msumari katikati ya kashata linazibika. Ubavu uliopasuka hauna dawa, na anayekubali kukushonea anakuuzia ajali.

Kwa hiyo soma namba: ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni rimu kwa inchi. Tairi la 285/75R16 na la 275/60R20 yana kimo kinachokaribiana, sentimita 83 hadi 84. Lakini la kwanza lina ubavu wa milimita 214, la pili 165 tu. Hizo sentimita 5 za mpira ndizo zinazopokea pigo la jiwe kabla halijafika kwenye rimu. Mimi ningekwenda na inchi 16, au 17 pale breki za gari lako zinapokataa ndogo zaidi. Pima kwanza nafasi ya breki ndani ya rimu, usinunue kwa kukisia. Na utafute tairi la kubeba mzigo, lile linaloanza na herufi LT au lenye alama ya 10PR, yaani nguvu ya tabaka kumi. Namba 112 ubavuni maana yake kila tairi linabeba kilo 1,120. Namba 121 ni kilo 1,450. Kwa gari linalopanda Masisi na kurudi na magunia, tofauti hiyo si ndogo.

Kuna jambo watu hawaambiwi gereji. Springi ndefu zinainua bodi, lakini difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inabaki palepale ilipokuwa, kwa sababu ekseli inabebwa na magurudumu. Kinachoinua difu ni kimo cha tairi, na hapo unapata nusu tu ya ulichoongeza. Ukitoa 265/65R17 ukaweka 285/70R17, tairi limekua kama milimita 55, difu imepanda milimita 27. Na hizo 27 unazilipia. Kipimo cha mwendo kilichokuwa sahihi kikionyesha 80, wewe unakwenda kama 86. Gia zote zimekuwa nzito, mlimani klachi inateseka, na breki zinasimamisha gurudumu kubwa na zito zaidi. Mimi ningesimama kwenye 265/70R17. Linaingia bila kukata madigadi kwa magari mengi yaliyoinuliwa kidogo, na injini hailalamiki.

Bado hakikisha. Mwambie fundi apandishe gurudumu moja la mbele juu ya jiwe, akate usukani mpaka mwisho, kisha apitishe vidole kati ya tairi na madigadi. Afanye kushoto, afanye kulia. Gari likiwa limesimama sawa kwenye sakafu, kila tairi linaonekana linaenea.

Kashata kubwa za matope zina mahali pake: njia za Masisi wakati wa mvua. Kama siku nyingi gari linazunguka mjini, kati ya Birere na Katindo, chukua zile za kati. Za matope zinapiga kelele, zinaisha haraka kwenye lami, na lami ikilowa breki zake ni dhaifu.

Rimu ya chuma haina urembo, lakini ikipinda fundi anaipiga nyundo inarudi. Ya alumini ikigongwa vibaya inapasuka. Na tafadhali, acheni vile vipande vya kusukuma gurudumu nje ya madigadi ili gari lionekane limejitanua. Kila sentimita unayolisukuma nje inaongeza mzigo kwenye beringi, na usukani unaanza kukuvuta mikono kila ukigonga jiwe. Rimu yenye nati sita za Prado inafanana na ya gari jingine la nati sita, lakini tundu la katikati linaweza kuwa tofauti kabisa. Ijaribu kwenye habu kabla ya kutoa pesa.

Kwa matairi ya mtumba, tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Hata kama kashata inang'aa, mpira huo umezeeka, liache.

Mwisho, nunua matano. Tairi la akiba la kimo tofauti, ukilifunga huku umeweka gia ya magurudumu manne kwenye njia kavu, linalazimisha mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi zisizolingana, na kinachoumia ni difu na sanduku la gia. Hakikisha pia hilo la tano linaingia pale chini ya bodi. Likikataa, tengenezesha kibebeo cha nyuma kabla hujatoka mjini.