Kanzu yangu na mbio za Mille Miglia

Mi naishi Brescia, Italia ya kaskazini, na kila mwaka huku kuna Mille Miglia, zile mbio za magari za kwenda Roma na kurudi, enzi zile kama kilomita 1,600. Zilianza 1927, ajali mbaya ya 1957 ikazifunga, zikafufuliwa 1977 ila siku hizi hawafukuzani tena, wanashindania kufika kwa muda uliopangwa. Na huingii na gari lolote tu, mpaka liwe la aina iliyoshiriki enzi zile.

Sasa siku hiyo nimetoka na kanzu nyeupe pee, kofia ya kiua, naenda nikaha ya rafiki yangu Msomali, nikasema ngoja tupite Piazza della Vittoria na mama watoto tuone magari yakipigwa lakiri, yaani muhuri wa kukaguliwa kabla ya mbio. Jamani! Kuna Alfa Romeo 6C 1750 jekundu, aina ileile aliyoshindia dereva Nuvolari mbio hizi 1930, usukani uko kulia kama wa kwetu, boneti imefungwa kwa mkanda wa ngozi kama begi la shule. Nimeinama nachungulia zangu.

Mara kigari cha pembeni, jina la kampuni nalihifadhi maana wapenzi wake wana hasira, kikagoma kuwaka. Mzee wa watu anabonyeza stata, kimya. Akatazama kushoto, mabwana wa suti za kitani, kulia, mabibi wa kofia pana, akaniona mimi. "Spingi! Spingi!" huku mikono inaonyesha kusukuma. Mtoto wa Tanga niliyekulia nyuma ya daladala bovu, leo unanifundisha kusukuma? Nikakunja kanzu nikaing'ata kwa meno, twende, na likipata kasi nikapayuka "Achia klachi!" Kiswahili kabisa, na babu akaachia!

Gari likakohoa, PAAA, eksozi iko usawa wa magoti yangu, masizi na oili vyote vikanijia mimi, kanzu madoa kuanzia kifuani. Watu wakapiga makofi, na hayo makofi ndo yaliniponza, akaja bwana mwingine, samahani fundi, na langu pia. Namwambia mi si fundi, akaiangalia kanzu, akasema usijali, naona umekuja na nguo za kazi. Nikasukuma.

Muda wote huo mama watoto anarekodi, karusha kwenye grupu la ukoo. Kwenye picha za nikaha nimo, ila wamenikata kuanzia shingoni kushuka. Mama naye katuma voisi: "Mwanangu, tuliuza shamba la machungwa Muheza uende Ulaya, kumbe umeenda kusukuma magari?"

Nikajitetea, mama hilo si gari la mchezo, ni la miaka ya 30, bei yake unajenga ghorofa Tanga na chenji inabaki. Mjomba, fundi wa gereji Ngamiani, Tanga, miaka yote, akaandika: "Sasa mwenye hela zote hizo kashindwa betri?"