Harusi ya Mrembo, Nakala Arobaini

Kanda ilikuwa moja, majina matatu. Kwenye karatasi ya kasha, upande wa mbele, kwa wino wa bluu uliopauka: Zilizopendwa 2. Kwenye mgongo wa karatasi hiyohiyo, pale penye upana wa kidole: Zilipendwa – Mpya. Na juu ya kanda yenyewe, lebo iliyobandikwa ikanyooka, kwa herufi kubwa za mtu aliyetulia: HARUSI YA MREMBO.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuihamishia kwenye sidii, nakala 40, zigawiwe wageni siku ya kuadhimisha miaka 40 ya ndoa ya baba mkubwa na mama mkubwa, pale Tanga. Kwa kuwa ilikuwa zawadi ya kushtukiza, ruhusa ya kumuuliza mwenye kanda sikuwa nayo.

Kuhamisha kanda si kazi ngumu ukiwa na subira. Unasafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, na ile roda ya mpira pia, maana uchafu wake ndio unaofanya kanda iliwe. Unaizungusha kanda mbele hadi mwisho na kurudi mara moja kabla ya kuicheza, kwa sababu kanda iliyolala miaka hujishika. Waya mmoja kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye kompyuta, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, na sauti isivuke desibeli 6 chini ya kikomo. Ikivuka kikomo chenyewe, trumpeti za bendi kama NUTA Jazz zinapasuka na hakuna dawa. Halafu unakaa dakika 90 kamili, kwa sababu kanda haina njia ya mkato.

Tatizo la kwanza lilikuwa hesabu. Kanda ya C90 ina dakika 45 kila upande. Sidii tupu inabeba 80. Nikatoa wimbo mmoja uliokuwa umerekodiwa pande zote mbili, nikatoa maneno ya mtangazaji wa Radio Tanzania, zikabaki dakika 83. Mwisho wa upande B, baada ya wimbo wa mwisho kukatika ghafla, kulikuwa na dakika 4 za vurugu: vigelegele, mlio wa udi kwa mbali, mtoto analia, mtu anasema "sogea, sogea". Nikaona hiyo ni redio imeingiliana na stesheni nyingine. Nikakata. Dakika 79. Nikajipongeza.

Tatizo la pili lilikuwa jina, na hapo ndipo nilipojitia utaalamu.

Ndugu zangu waligawanyika. Waliokulia Mombasa wakasema ni Zilizopendwa, ndivyo Kenya wanavyoita nyimbo za zamani na ndivyo sarufi inavyotaka: nyimbo zilizopendwa. Wa Tanga wakasema tangu lini redio ya Dar ikasema zilizo-? Ni Zilipendwa, basi. Mabishano yalichukua jioni mbili na sinia la mihogo. Mimi nikawanyamazisha wote kwa kanuni ya wakutubi: jina la rekodi linachukuliwa kwanza kwenye kitu chenyewe, yaani lebo ya santuri au ya kanda, si kwenye kasha. Sababu yake ni nzuri. Makasha hubadilishana. Nani hajawahi kufungua kasha la Mbaraka Mwinshehe akakuta ndani kwaya ya Pasaka? Kasha linatumika pale tu lebo inapokuwa haina jina la mkusanyiko mzima. Lebo yetu ilikuwa nalo. Kesi imekwisha.

Na jina lenyewe lilinoga. Harusi ya Mrembo! Miaka 40 ya ndoa! Nikajua baba mkubwa alimrekodia mkewe nyimbo za mapenzi akazipa jina hilo. Hata machozi yalinilenga kidogo.

Kanuni ile ina shimo, na shimo nililiona kwa macho yangu. Mgongoni mwa kanda kuna vibati viwili vya plastiki. Ukivivunja, kanda haikubali kurekodiwa tena juu yake. Vya kanda hii vilikuwa vimevunjwa vyote viwili, halafu matundu yakazibwa kwa selotepu. Maana yake mtu alirekodi kitu, akakifungia kisifutike, akaandika lebo; kisha mtu akabadili mawazo, akabandika selotepu, akarekodi kitu kingine juu yake. Lebo ni ya kile cha kwanza. Kwa kanda ya kiwandani, lebo ni shahidi. Kwa kanda yenye selotepu, lebo ni kaburi. Mimi nikaibandua ile selotepu kwa ukucha kwa kuwa gundi yake ilikuwa inanata kwenye deki, nikaitupa.

Nikachapa. Karatasi ya mbele milimita 120 kwa 120. Ya nyuma 151 kwa 118, ikiwa na mikunjo miwili ya milimita 6 na nusu, hiyo ndiyo migongo, na maandishi yake yasomeke kutoka juu kwenda chini. Jina likakaa kila mahali: mbele, nyuma, migongo yote miwili, na juu ya sidii. Safari hii hakuna atakayebishana.

Siku yenyewe mshereheshaji akainua nakala ya kwanza akasoma: "Harusi ya Mrembo!" Vigelegele. Mama mkubwa akainamisha kichwa, akavuta mtandio kidogo usoni kama mwari. Baba mkubwa alikuwa ameshika kikombe cha kahawa, kikabaki hewani.

Kutoka viti vya nyuma akainuka bibi wa nyumba ya pili. Sisi tumemwamkia shikamoo maisha yetu yote bila kujua kwamba ujanani mtaa mzima ulimwita Mrembo.

"We bwana," akamwambia baba mkubwa, "kanda yangu si uliniambia imeliwa na redio?"

Ukumbi ukatulia hata feni ikasikika.

Kumbe mwaka 1986 baba mkubwa ndiye aliyekuwa na redio-kaseti ya maana mtaani, na aliombwa arekodi taarabu ya harusi ya jirani. Akarekodi, akavunja vibati, akaandika lebo vizuri. Wiki ile ile redio ikapiga zilipendwa mfululizo, na kanda tupu hana. Akaenda kutafuta selotepu.

"Basi ipigwe tusikie," akasema Bi Mrembo, akakaa mbele kabisa. Ikapigwa. Ikaja NUTA Jazz. Ukaja wimbo wa pili, ukaja wa tatu. Alisubiri harusi yake dakika 79, mikono mapajani, na hakuna aliyethubutu kuzima.

Mama mkubwa naye alikuwa na swali moja tu, na hakulipeleka kwa mumewe. "Mwanangu, kwa hiyo mrembo wa humu si mimi?"

Hapo nikakumbuka dakika 4. Kichwa cha kufutia hufuta kile kinachopita mbele yake tu. Redio ilipoacha kupiga, baba mkubwa alibonyeza stopu, na mkia wa upande B ukabaki na harusi ya 1986 ilivyokuwa. Ile "stesheni nyingine" ilikuwa Bi Mrembo akitolewa nje.

Nikarudi kwenye kanda, nikautoa mkia wote. Toleo la pili tukaliweka kwenye flashi, nyimbo za MP3, hakuna tena habari ya dakika 80. Mara ya kwanza mkusanyiko ulitawanyika kuwa albamu saba, moja kwa kila bendi, mpaka nilipojaza "Wasanii Mbalimbali" kwenye nafasi ya msanii wa albamu. Jina safari hii lilipitishwa na mama mkubwa mwenyewe, neno kwa neno: Zilipendwa na Harusi ya Mrembo wa Nyumba ya Pili.

Tukaijaribu kwenye gari la baba mkubwa. Redio yake ni ya kizamani, inasoma maelezo ya mtindo wa kwanza tu, zile baiti 128 za mwisho wa faili, ambamo jina la albamu limetengewa herufi 30, nafasi zikihesabiwa. Mama mkubwa akavaa miwani, akasogea kwenye kioo cha redio:

Zilipendwa na Harusi ya Mrembo

Herufi 30 kamili. Nikaanza kumweleza habari ya baiti. Baba mkubwa akaniomba nishuke nikaangalie tairi la nyuma. Nikashuka. Tairi lilikuwa zima. Gari likaondoka.