Sato wa homoni: tunagombania sumu, tunasahau saa

"Hawa si wale wa sindano?" Swali hilo nalisikia karibu kila nikipita kwa wauza samaki wa Mbuyuni, Moshi. Muuzaji hununa, mnunuzi huomba apunguziwe, na samaki huishia mfukoni vilevile. Hakuna anayempiga sato sindano. Kinachofanyika ni kwamba vifaranga wachanga hulishwa kwa wiki tatu hadi nne unga uliochanganywa na homoni ya kiume, methilitestosteroni, kwa kawaida miligramu 60 kwa kila kilo ya chakula, ili karibu wote wawe madume.

Anayefuga hahitaji kuelezwa kwa nini. Sato jike hubeba mayai na watoto mdomoni, na muda huo halili. Tena hupevuka angali mdogo. Ukichanganya dume na jike, bwawa linajaa watoto kabla wazazi hawajafika saizi ya sahani. Mtu wa Kahe analisha pumba miezi sita, siku ya kuvuna anatoa ndoo za samaki wa kidole. Kwake yeye homoni ni hesabu ya mfukoni, na sioni haki ya kumcheka.

Wanaopinga nao wana hoja, ila nyingi zinazosikika sokoni ndizo dhaifu. Mojawapo ni kwamba samaki huyo "amebadilishwa jeni". Ili kuipima hiyo inabidi tuingie ndani ya yai.

Saa za mwanzo yai la samaki haliendeshwi na jeni zake lenyewe. Linatumia akiba ya mama, yaani nakala za maagizo alizoliwekea kabla halijatagwa. Kwa samaki pundamilia, yule mdogo mwenye milia anayefugwa maabara dunia nzima, seli hugawanyika kila baada ya robo saa hivi, huku jeni za mtoto mwenyewe nyingi zikiwa zimelala. Huamka kwa wingi kama saa 3 tangu yai kurutubishwa, kiinitete kikiwa na seli zipatazo 1,000, na hapo nakala za mama huanza kufagiliwa. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba protini chache, mojawapo ikiitwa Nanog, ndizo zinazofungua mlango huo, na maagizo ya kuzitengeneza huwekwa na mama yuleyule.

Jinsia huja baadaye, lakini kwa mtindo uleule wa jeni kuamka kwa zamu. Sato dume ana kromosomu XY, jike XX. Siku chache baada ya kuanguliwa, kifaranga XX huwasha jeni iitwayo cyp19a1a, inayotengeneza kimeng'enya cha kugeuza homoni ya kiume kuwa ya kike. Mwenzake XY huwasha dmrt1, jeni ya njia ya udume. Kwenye Y ipo jeni nyingine, amhy, ambayo mwaka 2015 watafiti wa China waliionyesha kuwa ndiyo inayoamua udume. Ukimlisha XX homoni ya kiume wakati huo, njia ya ujike inazimwa na anaota korodani. DNA yake haijaguswa hata herufi moja. Kilichobadilika ni jeni ipi inazungumza na ipi imenyamaza.

Hoja ya pili ni mabaki kwenye nyama. Hapa naomba tupige hesabu. Hata tukisema kifaranga amekula gramu moja nzima ya unga ule, homoni iliyoingia ni miligramu 0.06. Sehemu kubwa hutoka mwilini ndani ya wiki chache baada ya kuachishwa, na samaki anavuliwa miezi mingi baadaye, uzito wake ukiwa umeongezeka mara mamia. Mlaji wa Mbuyuni hana sababu ya kukosa usingizi.

Mwenye sababu ni kijana anayechanganya. Homoni huyeyushwa kwenye spiriti, hunyunyiziwa kwenye unga, na mkono usio na glavu unaigusa ikiwa kali kuliko samaki yeyote atakavyoigusa. Mama mjamzito hapaswi kukaribia kazi hiyo kabisa. Na chakula kisicholiwa huzama: homoni imepimwa ikibaki kwenye tope la bwawa kwa wiki kadhaa. Huku kwetu maji ya bwawa yakifunguliwa huingia kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, na mfongo una watu chini yake, na ng'ombe, na migomba. Kituo cha kutotolea kisicho na bwawa la kutulizia maji machafu, mimi nisingekipa kibali hata kama vifaranga wake ni wazuri namna gani.

Lakini jambo linalonikera zaidi halisemwi na upande wowote, nalo ni saa. Dirisha la kugeuza jinsia ni fupi. Vifaranga waanze dozi mara tu wanapoanza kula, kabla hawajapita milimita 14. Miongozo inayozunguka kwenye simu huhesabu kwa siku, na siku hizo ni za maji ya nyuzi 27 au 28. Mwili wa samaki hufuata joto la maji, kalenda haijui. Kwenye chemchemi za vuguvugu za Rundugai, ambako serikali ina kituo cha ukuzaji viumbe maji, hesabu ya kitabuni inaweza kukaribia ukweli. Tengeru, upande wa Arusha, mwezi wa saba, maji yakitoka mlimani, kila hatua huchelewa. Ukiacha dozi siku ya 21 kwa sababu karatasi imesema hivyo, vifaranga wengine bado wapo katikati ya dirisha. Na anayeongeza homoni ili kufidia anajiroga: dozi ikizidi, baadhi ya homoni yenyewe inaweza kugeuzwa kuwa ya kike, na madume yakapungua.

Matokeo yake mfugaji analipa bei ya madume, anaingiza mchanganyiko, kisha analaumu homoni kuwa "feki". Kabla ya kuuliza kama wana homoni, angeuliza walianza dozi wakiwa na urefu gani na maji yalikuwa nyuzi ngapi. Muuzaji asiye na kipimajoto hana jibu.

Njia nyingine zipo. Mwenye bwawa moja anaweza kuchagua kwa mkono samaki wakifika gramu 30 hivi: chini ya tumbo dume ana matundu mawili, jike matatu. Kazi inachosha, makosa hayakosi, na nusu ya samaki uliowalisha wanaondolewa. Iliyo safi zaidi ni ya madume YY, wenye kromosomu Y mbili bila X, iliyoendelezwa Wales na Ufilipino miaka ya 1990. Homoni ya kike hutumika kwa wazazi tu, kizazi cha nyuma, na dume YY akipandishwa kwa jike wa kawaida karibu watoto wote huwa XY bila kulishwa chochote. Ila kuijenga mbegu hiyo huchukua vizazi kadhaa na kumbukumbu zisizo na kasoro. Kazi ya namna hiyo inazifaa taasisi, kama ile ya sayansi na teknolojia ya Nelson Mandela pale Tengeru. Kumbebesha mfugaji mmoja mmoja ni kumwonea.

Kuna mahali wanaopinga wananipata kabisa. Sato si wa asili katika bonde la Pangani. Perege wa Jipe, ndugu wa sato anayepatikana bonde hili tu, yuko katika hatari kubwa ya kutoweka, na sato hujamiiana na perege wa asili wakazaa machotara. Wauzaji hujitetea kuwa madume matupu wakitoroka hawawezi kuzaana. Wao kwa wao, kweli. Lakini dume aliyefika mto Kikuletwa hatakosa jike wa kienyeji. Tena hoja hiyo haiihusu homoni: ingebaki ileile hata kesho tukiletewa mbegu ya YY.