35 ama 50 kwa renjifainda: angalia dirisha kwanza, f/1.4 baadaye

Kuna jamaa yangu amepata kamera ya Leica M9 ya mkono wa pili, doo karibu yote ikaishia kwa bodi ya kamera, sasa amebaki na ya lenzi moja tu na anauliza achukue 50mm f/1.4 ama 35mm f/2. Kama wewe ni mgeni: namba ya mm ikiwa ndogo lenzi inaona upana zaidi, na namba ya f ikiwa ndogo tundu la lenzi linafunguka zaidi, mwanga unaingia mwingi na sehemu iliyo shapu inakuwa nyembamba. Swali linakaa rahisi lakini tumebishana tangu Jumapili hadi chai ikapoa. Mimi niko upande wa 35, lakini hao wa 50 wana pointi zingine siwezi kuruka.

Kwanza ujue hii kamera ni ya renjifainda, huchungulii kupitia lenzi. Unaangalia kwa kadirisha ka pembeni, ndani kuna mistari myeupe ya kukuonyesha picha itaishia wapi, na katikati kuna kamraba kenye kanaleta picha mbili, unazungusha lenzi mpaka zishikane na hapo ushafokasi. Ukiweka lenzi yoyote dirisha linabaki vile vile, mistari tu ndio inabadilika. So hapa hapa watu wa 50 wananipiga bao la kwanza: kwa M9 fremu ya 50 inakaa ndogo katikati, pembeni unaona dunia yote, unamuona mtu wa mkokoteni akija kabla aingie kwa picha na unamngoja. Fremu ya 35 inakula dirisha karibu lote. Na kama unavaa miwani kama mimi, 28 ndio usiseme, unasukuma jicho kona moja baada ya nyingine kama mtu anachungulia kwa jirani.

Lakini sasa toka na hiyo 50 uende barabara ya Tom Mboya, Nairobi, saa kumi na moja jioni. Mtu mwenye unataka kumpiga yuko mita moja na nusu mbele yako, hakuna nafasi ya kurudi nyuma, ukirudi umekanyaga nyanya za mama na hizo utalipa. 35 inakubali hiyo karibu. Tena kwa barabara kama hiyo hakuna mtu anakungoja ushikanishe picha mbili kwa kamraba, unaseti lenzi mapema na unapiga. Hesabu yake iko hivi: 35 ikiwa f/8 na umeseti mita 3, kila kitu kuanzia kama mita 1.9 hadi 7 na kitu kitakuwa shapu. 50 kwa f/8 hiyo hiyo na mita 3 hizo hizo, unapata mita 2.3 hadi 4.2 tu. Hiyo ni tofauti kubwa manze. Na ata hizo hesabu ni za enzi za filamu, hiyo mizani imechorwa kwa lenzi inakusamehe kuliko sensa, yaani kile kibao cha ndani kinachonasa picha badala ya filamu, ukikuza picha kwa kompyuta utaona penye shapu inaanza kuisha, so mimi hujifanya f/8 ni f/5.6 na nabaki salama.

Sasa tuongee f/1.4, juu hiyo ndio inauza lenzi. Wengi wanadhani wakinunua hiyo watapiga mchana na nyuma iyeyuke vizuri. Jua la Nairobi saa saba, ISO (vile sensa inahisi mwanga) ikiwa 160 ambayo ndio ya chini ya kawaida kwa M9, kwa f/16 unahitaji shata ya kama 1/160 ya sekunde. Ukifungua hadi f/1.4 unahitaji shata karibu 1/20000, na M9 inaishia 1/4000. Yaani hapo nje kwa jua kali huwezi fungua kupita f/3.2 hivi bila kuweka filta nyeusi mbele. Umelipia mlango wenye mchana huwezi kuufungua.

Usiku ni maneno mengine, na hapa nawapa heshima yao. M9 inafika ISO 2500 tu, na kwa macho yangu ikipita 1600 picha inaanza kuwa na mchanga. f/1.4 inaingiza mwanga mara mbili ya f/2, so penye f/2 inakupa 1/30, f/1.4 inakupa 1/60. Mtu akisema ati 35 inashikika na mkono kwa 1/30 bila kutikisika, ni ukweli, lakini hiyo ni mkono wako, makanga anayening'inia mlangoni mwa matatu hajali mkono wako, kwa 1/30 atatoka kama moshi. Kama jamaa angekuwa na M10, yenye ISO inaenda hadi 50,000, ningesema hii hoja imekufa. Kwa M9 haijakufa.

Shida ni kushika hiyo fokasi yenyewe. 50 kwa f/1.4 na mtu akiwa mita moja, sehemu iliyo shapu ni kama sentimita 3 na kitu, akipumua tu ametoka. 35 kwa f/2 hapo hapo unapata karibu sentimita 10. Na renjifainda ni mitambo, vyuma na mkono mdogo unaosukumwa na lenzi, kamera ikigongwa hiyo kitu inasogea kidogo na kioo hakikuambii. Yangu iligongwa kwa mlango wa mathree mwaka juzi, nikapiga ruracio nzima, sherehe ya mahari, na 50 niliyoazima, kila picha masikio shapu, macho hapana. Bodi mpya unaweza angalia fokasi kwa skrini nyuma, M9 haina hiyo. Na huku watu wa kukurekebishia renjifainda si wengi, ujue hivyo kabla ununue lenzi yenye haina msamaha.

Doo sasa. Summilux mpya, yaani f/1.4 ya Leica wenyewe, inapita dola 4,000, hiyo tuiwache kwa wenye mashamba. Lakini mlango wa kushikia lenzi kwa kamera za Leica M umekuwa ule ule tangu M3 ya 1954, so kuna lenzi za kampuni zingine kama Voigtländer na Zeiss, na za China kama 7Artisans ambazo 35 f/2 yao inapatikana chini ya dola 300. Ukiagiza nje kumbuka ushuru na VAT ya 16%, watu husahau halafu wanashtuka ikifika. Mimi ningechukua Voigtländer ndogo ya mkono wa pili. Udogo si urembo, lenzi nene inaziba kona ya dirisha lenye unachungulia, na askari wa jengo akiona kioo kikubwa anakuja kuuliza kibali, akiona kidogo anadhani ni kamera ya babu yako.

Kitu kingine haraka, hii yote ni juu M9 ina sensa kubwa kamili, saizi ya filamu ya 35mm. Angekuwa na M8, yenye sensa ni ndogo mara 1.33, 35 ingekuwa kama 47 na ubishi wote ungegeuka, angetafuta 28. Tena M8 hutoa suti nyeusi za kitambaa cha sintetiki zikiwa zambarau mpaka uweke filta kwa kila lenzi, so hesabu hiyo pia.

Nimemwambia asinunue bado. Mmoja wetu amekubali kumwazima 50 wikendi hii, na akataka aende nayo usiku, mjanja. Mimi nimesema sawa, lakini mchana wa Jumamosi aanzie soko la Marikiti, ndani kwa zile njia za ndizi, halafu Jumapili atuletee kadi tuone ni picha ngapi zina miguu ya watu.