Godoro Nalo Lina Tiketi?

Honi ya kwanza ya meli ya Bukoba imeshalia pale Bandari ya Kaskazini, Mwanza, na bado kuna abiria ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda, anakumbuka hajala, anaenda kutafuta chipsi. Tiketi imeandikwa saa tatu usiku, naye kaielewa kuwa saa tatu ndiyo saa yake ya kutokea. Ndugu yangu, saa tatu ni saa ya kamba kufunguliwa. Nahodha hajui kama umeoga au hujaoga.

Upande wa pili kuna waheshimiwa wa saa nane mchana. Hawa wameaga ukoo mzima tangu jana, wamekalia mabegi juani, na jua likizama wameshamaliza mikate ya njiani, maji na chaji ya simu. Ukiwauliza: "Bora kuwahi." Kuwahi nini? Saa hizo panapakiwa mizigo.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo. MV Victoria, bibi wa tangu 1961 aliyerudi ziwani 2020 baada ya ukarabati, anachukua abiria 1,200. Mpe kila mmoja sekunde kumi tu langoni: tiketi, kitambulisho, begi, pita. Sekunde 12,000. Dakika 200. Kwa mlango mmoja ni zaidi ya saa tatu nzima. Kwa milango miwili, saa moja na dakika arobaini. Na hizo ni sekunde za mtu aliyeshika tiketi mkononi, si za yule anayeanza kuichimba kwenye soksi. Kuhesabiwa lazima tuhesabiwe. Tangu Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imejaza watu kupita kiasi, hakuna mtu wa kanda hii anayehitaji kuelezwa kwa nini.

Kwa hiyo soma tiketi yako, si wasiwasi wako. Mwenye chumba ana namba ya kitanda, na kitanda hakina miguu. Akifika saa moja na nusu anatosha. Mwenye nafasi ya kukaa isiyo na namba, wewe ndiye wa saa kumi na mbili jioni, maana benchi halina undugu. Ukiwahi, kaa katikati ya meli, chini, ndipo pasipoyumba sana. Mbele na nyuma ndiko kunakopanda na kushuka ziwa likichafuka. Ubaya wake, chini kuna joto na mngurumo wa injini. Juu kuna hewa safi, tamu kabisa hadi saa sita, halafu upepo unaanza kukudai koti. Karibu na choo usikae, hata kama pako wazi. Hasa kama pako wazi.

Sasa tuje kwenye godoro.

Godoro halikosekani. Futi tano kwa sita, inchi nane, limefungwa kamba kiunoni, na mwenye nalo ni mama mtu mzima mwenye heshima zake. Mzigo wa namna hiyo unapelekwa mchana, unapimwa, unalipiwa, unapewa stakabadhi, unaingia tumboni mwa meli kabla abiria hawajaanza kupanda. Yeye kalileta saa mbili na nusu. Ngazini.

"Mama, huo ni mzigo."

"Mzigo gani, mwanangu? Hili nalilalia."

"Tiketi yako ni ya kukaa, mama."

"Basi nitalikalia."

Baharia anakosa jibu, na sidhani kama yupo wakili Mwanza nzima ambaye angelipata. Nyuma kuna tenga la kuku, ndoo ya dagaa, mtoto aliyebanwa haja, na bwana mwenye suti anayeuliza kila dakika mbili mkubwa wa hapa ni nani. Kuli anajitolea kulibeba kwa elfu tano. Mama anasema elfu mbili. Wanapatana elfu tatu, godoro likiwa limeshafika nusu ya ngazi, pale pasipo na mbele wala nyuma. Hapo ndipo upepo wa ziwa unapolikuta ubavuni. Godoro linageuka tanga. Kwa nusu dakika mama wa watu ni jahazi kamili, amekosa usukani tu, na kuli ndiye nanga, ananing'inia huku akidai bei irudi elfu tano.

"Lishusheni!" "Lipandisheni!" Nusu ya foleni inashusha, nusu inapandisha, kuku nao wanatoa maoni. Mtu anashauri likunjwe. Inchi nane! Likunjwe na nani? Na si mama peke yake, ni sisi sote! Mlango wa mizigo tunaujua, saa yake tunaijua, ila tunaogopa mzani, tunataka kupitisha kabati kwa huruma. Huruma yenyewe haipiti pale, ngazi nyembamba!

Honi ya pili.

Wasindikizaji, agianeni langoni.

Na hao hao waliochelewa kupanda ndio wa kwanza kuamka. Meli ikigusa Kemondo, bandari ya kabla ya Bukoba, alfajiri, wa Bukoba wote wanasimama, mabegi kichwani, wanaziba mlango, anayeshuka Kemondo kweli hapiti. Wakiambiwa bado, wanarudi kinyonge na kukuta benchi lina watu wengine. Basi wananunua chai. Chai inayochemka, kwenye kikombe cha plastiki laini kama karatasi, meli inageuka, na kikombe hicho, nauliza kwa heshima zote, mtu anakishikia wapi?